Somo la Kikundi: Kazi ya Mikono na Maisha ya Utulivu



Somo la safari hii lisomwe kwa sauti na polepole, maana tunajua si kila mwanachama ana miwani. Likiwa refu kwa kikao kimoja, ligawanywe mara mbili. Kabla hatujasema lolote, mwenye Biblia afungue Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, aya ya 11 na 12, azisome mara mbili.

Mmesikia wenyewe. Paulo anataka Wakristo wale wafanye mambo matatu: watulie, washike shughuli zao, na watumie mikono yao kufanya kazi. Kisha anatoa sababu mbili: wapate heshima mbele ya watu wasio wa imani yao, na wasiishi kwa kutegemea mfuko wa mwingine.

Maneno ni machache, lakini yamewahi kuleta madhara. Tumesikia mwajiri akiyatumia kumnyamazisha mfanyakazi anayedai mshahara wake. Tumesikia mwenye nyumba akimtupia mpangaji: wewe si Mkristo, tulia basi! Na sisi wenyewe, katika miaka yetu ya kazi Kibera na Kawangware, tumeyafundisha mara nyingi bila kuuliza yaliambiwa nani, na kwa nini. Leo tunayarudia vizuri, na tutawaeleza pia mahali tulipoteleza.

Msiseme habari za Nairobi haziwahusu ninyi wa mashambani. Ni boma gani hapo kijijini halina mtoto, shemeji au jirani aliyepanga chumba Kibera au Kawangware? Pesa ya karo hutoka huko, na ya matanga pia. Tena ugomvi wa pesa ndani ya kikundi hauna mji wala shamba, ni ule ule.

MJI WENYE KELELE

Thesalonike ilikuwa bandari, na makao makuu ya jimbo la Makedonia chini ya Warumi. Barabara kuu ya Warumi ya kwenda mashariki ilipita pale. Fikirini mahali penye wapagazi, wachuuzi, watumwa, mafundi, mabaharia na watu wa kila kabila. Paulo alifika pale akitoka Filipi, akakaa muda mfupi tu, fujo ikaanza. Someni Matendo ya Mitume sura ya 17. Kundi la wahuni lilikusanywa sokoni, likavamia nyumba ya Yasoni, mtu aliyemkaribisha Paulo. Paulo hakupatikana, basi Yasoni akaburutwa yeye mbele ya wakubwa wa mji, akaachiliwa baada ya kutoa dhamana. Ndiyo, dhamana, kama ile tunayochangishana sisi kijana akikamatwa msakoni.

Kwa hiyo barua ilipofika, mwaka 50 au 51 hivi, Wakristo wa pale walikuwa watu wachache ambao jina lao limeshachafuliwa mjini. Ukisema "mimi ni wa kundi lile," watu wanakutazama kwa jicho la pembeni. Ndipo Paulo anawaambia waishi kwa namna ambayo hata asiyewapenda atawaheshimu.

Mtu wa Kibera analielewa jambo hili upesi kuliko sisi tuliosomea. Vijana wengi wametuambia kwamba wakienda kuomba kazi hawataji Kibera. Wanasema wanakaa "Ngong Road" au "karibu na Lang'ata." Wa Kawangware wanasema Lavington, na kweli Lavington iko pale pale jirani, si uongo mkubwa sana. Wanajua jina la mtaa likitajwa mlango unafungwa kabla mikono haijaonyesha inaweza nini. Wakati huo huo Kibera ina vijana wanaochonga mifupa ya ng'ombe ikawa shanga na bangili nzuri za kuuzwa hata ng'ambo. Mfupa ambao mbwa ameuacha!

Kuna jambo lingine ndani ya aya hiyo ambalo tafsiri zetu haziwezi kulibeba lote. Neno la Kigiriki ambalo sisi tunasoma kama "kujitahidi" linatokana na kupenda heshima. Lilitumika kwa wakubwa wa miji walioshindana kutafuta sifa: huyu anajenga ukumbi, yule anagharamia sherehe, jina lake lichongwe kwenye jiwe. Paulo analichukua neno hilo la kushindana na kulifunga pamoja na utulivu. Ni kama kusema: mnataka kushindana? Haya, shindaneni nani atatulia zaidi.

Wale waliowahi kukaa kwenye harambee, kipaza sauti kikitangaza mheshimiwa fulani ametoa elfu ngapi na marafiki zake elfu ngapi, watacheka hapa. Mama aliyetoa shilingi 50 za sukumawiki hakutangazwa. Paulo anamtazama huyo.

KUTULIA NA KUNYAMAZA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Je, kutulia maana yake ni kukubali kila unalofanyiwa?

Tumuulize Paulo huyo huyo. Rudini sura moja nyuma, Matendo 16, kuanzia aya ya 35. Kule Filipi, kabla tu ya kufika Thesalonike, Paulo na Sila walichapwa viboko hadharani na kutiwa ndani bila kesi. Asubuhi wakubwa wakatuma neno kwamba waachiliwe, waondoke kimya kimya. Paulo akakataa! Akasema wao ni raia wa Roma, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, kwa hiyo wakubwa waje wenyewe kuwatoa. Na kweli wakaja, wakaomba radhi. Paulo hakurusha jiwe wala kumtukana mtu. Alikaa pale ndani, ametulia, akidai haki yake mpaka ikaja na miguu yake.

Ni mtu huyo aliyeandika kuhusu utulivu, na mwili wake bado ulikuwa unakumbuka viboko. Anavitaja katika barua hiyo hiyo, sura ya 2. Katika sura hiyo anakumbusha pia kwamba alipokuwa nao alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Kazi yake ilikuwa kushona mahema, na baadaye Korintho alifanya ufundi huo pamoja na Akila na Prisila, mke na mume. Mikono ya fundi mahema haikuwa laini. Anaposema "mikono," ana yake mbele ya macho.

Basi ule utulivu ulikuwa dhidi ya nini? Barua ya pili inatujibu, sura ya 3. Kulikuwa na watu katika jumuiya ile walioacha kazi, wakawa wanajiingiza katika mambo ya wengine. Wengine wanasema waliacha kazi wakidhani Bwana anarudi kesho. Wengine wanasema walizoea kuishi kwa mgongo wa matajiri. Vyovyote vile, Kigiriki kina mchezo wa maneno pale ambao tukiugeuza kwa lugha yetu ni hivi: kazi hawafanyi, wanazungukazunguka kazi za wenzao.

Na ile aya ngumu kuhusu mtu asiyefanya kazi kunyimwa chakula, tafadhali isomeni kwa uangalifu. Inamsema mtu ambaye hataki. Haimsemi ambaye hakupata.

Tofauti hiyo tulifundishwa na mama mmoja wa Kawangware. Katika mtaa ule kuna wanawake wanaotoka alfajiri kutafuta vibarua vya kufua nguo kwenye nyumba za watu wenye uwezo. Wanakaa kando ya barabara au wanapita geti kwa geti. Siku nyingine mtu anapata nyumba mbili, siku nyingine anakaa mpaka saa sita jua linamchoma na kurudi na mikono mitupu. Tulikuwa tunafundisha aya hii, tena kwa bidii, na mama huyo akanyosha mikono yake, ngozi imechubuka na sabuni, akasema, "Mwalimu, mikono ndiyo hii. Hiyo kazi ndiyo hatuoni." Hatukuwa na jibu siku ile. Tulifunga kwa sala tukaenda.

MAHALI TULIPOTELEZA

Hili hatulipendi kulisimulia, lakini bila hilo somo halijakamilika.

Katika kikundi kimoja tulichokuwa tukikisaidia huko huko Kawangware, mwanachama mmoja alikosa kulipa mara tatu mfululizo. Alikuwa na mkopo wa shilingi 1,800. Wenzake walilalamika. Sisi tukashauri, tukijiona wajanja, kwamba majina ya wanaodaiwa yasomwe mwisho wa mkutano, mbele ya wote, ili kila mtu ajitahidi. Jina lake likasomwa. Watu wakaanza kuongea: ati amenunua televisheni, ati ana bwana mwingine, ati pesa inaingia kwenye kamari ya simu. Juma lililofuata hakuja. Wala lile lingine.

Tulipokwenda chumbani kwake tukakuta mpangaji mwingine. Ilichukua muda kumpata. Alikuwa amehamia Kibera, upande wa Lindi, kwa sababu kodi ni nafuu kidogo. Ndipo tukajua kisa. Nyumba aliyokuwa akifua kila siku, si kibarua cha siku moja moja tena bali kila siku, ilikuwa haijamlipa miezi miwili. Kila akiuliza anaambiwa subiri mwisho wa mwezi. Hakutaka kutusimulia kikundini kwa sababu aliona aibu, na pia aliogopa maneno yakimfikia mwajiri atapoteza hata ile kazi.

Ebu tazameni tulichofanya. Aliyeshikilia mshahara wa mtu hakutajwa jina mahali popote. Aliyenyimwa mshahara ndiye aliyesomwa jina. Na shughuli za nyumba ya mtu, ambazo Paulo alituambia kila mtu ashike zake, sisi tuliziweka mezani zitafunwe. Tulivunja aya ile ile tuliyokuwa tukiifundisha.

Tulimwomba msamaha. Alitupa chai. Akasema, "Pesa yenu nitalipa. Lakini kurudi kukaa pale, hapana." Na akalipa. Kwa M-Pesa, shilingi 50, mara 100, mara 50 tena, mpaka 1,800 ikaisha. Hakuna aliyemkumbusha. Hakurudi.

YA KIKUNDI NA YA NYUMBA

Tangu hapo tumekuwa tukiwaambia vikundi watenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila mara.

Pesa ya kikundi ni shughuli ya kila mwanachama. Hapo hakuna siri. Tuseme mko watu 20, kila mmoja anaweka shilingi 100 kwa juma. Hiyo ni 2,000 kila juma, na kwa majuma 52 ni 104,000. Mweka hazina "akiazima" 500 kila juma kwa majuma 8, akisema moyoni nitarudisha, ameshachukua 4,000, yaani mchango wa watu wote 20 kwa majuma mawili. Mara nyingi hakuanza kama mwizi. Alianza siku mtoto alipougua usiku na sanduku liko chini ya kitanda chake. Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopeshana, ambavyo mtindo wake ulianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 na kuenea nchi nyingi za Afrika, vinatumia sanduku lenye kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, na sanduku likae kwa mtu wa nne. Hesabu inafanywa mbele ya wote, jumla inasomwa kwa sauti, kila mtu anaikumbuka kichwani mpaka mkutano ujao. Anayeuliza "pesa iko wapi?" asiitwe mchochezi. Anashika shughuli yake, maana pesa ni yake.

Kwa nini mtu ameshindwa kulipa, hiyo ni ya nyumba yake. Kikundi kinahitaji kujua atalipa lini na kwa kiasi gani, basi. Tunashauri watu wawili tu, wenye vifua vya kutunza siri, wamtembelee kabla ya mkutano wa pili kupita. Waulize kwa upole. Waafikiane malipo madogo anayoyaweza, yaandikwe kwenye daftari. Kinachosomwa mkutanoni ni kile kilichoandikwa, hakuna nyongeza.

Na wakigundua kwamba mtu amenyimwa mshahara, hapo ndipo kikundi kiwe Filipi. Yakobo, sura ya 5 aya ya 4, anasema ujira uliozuiwa hupiga kelele wenyewe mpaka kwa Mungu. Sisi ni nani tuunyamazishe? Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatambua hata mapatano ya mdomo. Kibarua wa kutwa anapaswa kulipwa siku hiyo hiyo kazi ikiisha. Na kibarua aliyefanyishwa kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, anastahili haki kama mtu wa mwezi. Malalamiko yanapelekwa kwa ofisa wa kazi wa serikali. Kuna pia chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, kinachoshughulikia wafanyakazi wa nyumbani, na parokia nyingi zina Tume ya Haki na Amani. Mfanyakazi aandike tarehe alizofanya kazi kwenye daftari la shilingi chache, hata kama ni kwa mistari ya penseli. Daftari hilo limetusaidia kuliko hotuba.

Papa Fransisko alipokuja Kenya alifika Kangemi, jirani kabisa ya Kawangware, tarehe 27 Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alisifu hekima ya watu wa mitaa ya maskini, jinsi wanavyobebana. Na papo hapo aliwalaumu wazi wanyakuzi wa ardhi, ambao wamefikia hata viwanja vya watoto wa shule vya kuchezea. Alisema yote mawili chini ya jina la Yosefu, seremala ambaye Injili hazikuandika neno lake hata moja, lakini mtoto alipotafutwa na Herode aliamka usiku huo huo akafunga safari.

Tuwape mfano mmoja wa Kibera ambao si wa siri. Soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera, liliporwa na kuchomwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wachuuzi wake walikuwa na mpango wa kuweka akiba kila siku, wakiwa pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha watu wa mitaa ya mabanda kilichozaliwa mwaka 1996 kupinga kubomolewa. Fikirini: kibanda kimekuwa majivu, mitumba imeibwa, na pengine jirani yako wa kabila lingine ndiye unayemshuku. Walirudi. Walijenga tena mbao kwa mbao. Mwaka 2019 moto ukapita tena, wakajenga tena. Watu huuliza ni msaada gani uliwarudisha. Misaada ilikuwepo, hatukatai. Lakini mtu ambaye kwa miaka amezoea kupokea shilingi 20 ya mwenzake, akaiandika, na akairudisha kamili, amejenga kitu ambacho kiberiti hakikifikii. Oktoba 2017, maduka yalipochomwa Kawangware 56 baada ya uchaguzi wa marudio, tulikumbuka Toi, na tuliwasihi vijana wa vikundi vyetu waketi na vikundi vyao kabla hawajaketi na kabila lao. Wengine walisikia, wengine hapana.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, katibu na mweka hazina wajumlishe daftari tangu mwanzo wa mwaka, hata kama ni kazi ya usiku mzima, na mwanachama mmoja asiye kwenye kamati akae nao akihesabu pia. Kisha mkutanoni mjadiliane haya, bila haraka:

Ni nani hapa kijijini anayefanya kazi kwa bidii na hatujawahi kumtaja kwa heshima, kwa sababu hana kelele? Je, yuko mtu kati yetu ambaye tumemwita mvivu, kumbe hakupata kazi au hakulipwa? Tukimpata mwajiri anayeshikilia mshahara, naye ni Mkristo mwenzetu, labda hata amekaa benchi la mbele, nani atakwenda kumwambia?

La mwisho ni la kujibiwa kwa miguu. Tazameni daftari la mahudhurio. Yuko mmoja aliyeacha kuja tangu alipokosa mchango. Chagueni wawili waende nyumbani kwake juma hili, wasibebe daftari, wabebe sukari.

Majibu ya maswali haya msitutumie. Yabaki hapo kwenu.